Moshi Mweusi Mlimani: Je, Mlima Ndio Mkosaji?

Gari dogo la mizigo laondoka Mbamba Bay alfajiri, limebeba usipa wa Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa hilo uko chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Baada ya takriban kilometa 66 za kupanda na kupinda, gari lawasili Mbinga, katika nyanda za juu za Umatengo. Njiani injini imepungukiwa nguvu, bomba limetoa moshi mweusi, na petroli imekwisha mapema kuliko ilivyokusudiwa. Dereva asema, "Ni mlima tu." Je, asema kweli?

Injini hula hewa

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko petroli. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Kwa ujazo, lita moja ya petroli hudai karibu lita 9,000 za hewa ya usawa wa bahari. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Tukiichukua okteni iwe mfano, mwanafunzi wa kemia ataandika:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Oksijeni ikipungua, kaboni yote haiwezi kuungua. Sehemu yake hutoka ikiwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sehemu nyingine hutoka ikiwa masizi, nayo ndiyo moshi mweusi tuuonao.

Hesabu ya mlima

Katika magari ya zamani, na katika pikipiki nyingi hata leo, petroli hupimwa na kabureta. Hewa ikipita kwa kasi katika koo jembamba la kabureta, kanieneo yake hushuka, na petroli huvutwa kupitia tundu dogo. Mlimani hewa ni nyepesi, lakini tundu ni lile lile.

Tuchukue mwinuko wa mita 1,300. Huko kila lita ya hewa huwa na uzito pungufu kwa karibu sehemu 8 katika 100 kuliko kule ziwani. Yaani imebaki 0.92. Petroli inayovutwa hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho ni karibu 0.96. Basi hewa imepungua kwa sehemu 8, na petroli kwa sehemu 4 tu. Petroli imezidi, lakini kwa sehemu 4 hivi katika 100.

Kiasi hicho chaweza kuongeza ulaji wa mafuta kidogo. Hewa pungufu nayo hupunguza nguvu, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini injini iliyorekebishwa vema ziwani haiwezi kutoa moshi mweusi mzito kwa sababu hiyo peke yake. Mlima umefichua kosa lililokuwamo tangu mwanzo.

Kumtafuta mkosaji

Kwanza, tazama rangi ya moshi injini ikiwa moto. Moshi mweusi ni dalili ya petroli kupita kiasi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma huashiria maji yanayoingia katika silinda.

Pili, injini ikiisha kupoa, fungua plagi zote na uzipange kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Masizi makavu meusi katika plagi zote huonyesha kwamba kosa liko mahali panapohudumia silinda zote. Ikiwa moja tu ni nyeusi, chunguza silinda hiyo: huenda cheche ni dhaifu.

Tatu, kagua chujio la hewa. Msimu wa kuvuna kahawa Mbinga ni wakati wa kiangazi, na magari yaingiayo vijijini hupita katika vumbi jingi. Chujio lililoziba huinyima injini hewa.

Nne, hakikisha choki inafunguka kabisa, na boya la kabureta halikutoboka. Boya lililojaa petroli huzama, na petroli hupanda kupita kiasi. Tazama pia kama tundu la petroli limepanuka kwa kuzibuliwa kwa waya.

Magari ya sasa yenye sindano za petroli huipima hewa na kurekebisha petroli kwa kompyuta. Kwa hiyo, humo mlima hauna udhuru kabisa. Shuku kipima-oksijeni kilichochoka, sindano inayovuja, au kipimajoto cha injini kinachoiarifu kompyuta kwamba injini bado baridi.

Tiba mbaya

Hatari kubwa ni kutibu dalili. Fundi wa mlimani akiweka tundu dogo zaidi ilhali mkosaji ni chujio, moshi utakoma. Lakini chujio likisafishwa, na gari likashuka tena ziwani kwenye hewa nzito, petroli itakuwa haba; injini itapata joto kupita kiasi, na vali zaweza kuungua. Kuliacha kosa nako kuna gharama: petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, nazo husagika upesi. Tena, injini ya namna hiyo isiwashwe kamwe ndani ya banda lililofungwa, kwa maana kaboni monoksidi huua bila onyo.

Swali kwa wanafunzi: gari lililorekebishwa vema Mbinga likiteremka Mbamba Bay, petroli itazidi au itapungua, na kwa kiasi gani? Fanyeni hesabu, kisha ombeni ruhusa ya kutazama plagi za pikipiki iliyo karibu na shule yenu.