Uchawi, Uganga na Simba wa Narnia

Katika milima ya Upare, juu ya nyika kavu ya Same, mganga wa mvua aliheshimiwa na mchawi aliogopwa. Hapana aliyewachanganya wawili hao. Wamisionari hawakuwa waangalifu hivyo. Jakob Dannholz wa Kilutheri mwaka 1916, na Ernst Kotz wa Kisabato mwaka 1922, walitoa vitabu vya Kijerumani juu ya Wapare, na majina ya vitabu vyote viwili huanza kwa neno lile lile la kufungwa na nguvu za siri, neno ambalo lenyewe lina harufu ya uchawi.

Tatizo hilo humrudia mfasiri wa hadithi za ajabu. C. S. Lewis, katika kitabu cha kwanza cha Narnia (1950), ametumia neno moja la Kiingereza kwa nguvu za malkia ageuzaye viumbe kuwa mawe, na kwa ile amri ya kale imfufuayo simba Aslan, aliye mfano wa Kristo. Likifasiriwa “uchawi” kote, msomaji wa Same atamwona simba amefufuka kwa kazi ya wachawi, na hadithi nzima imepinduka. “Uganga” nao haufai, kwa kuwa mganga hutumia dawa, na simba hana dawa. “Muujiza” wakaribia, lakini Lewis anasimulia sheria iliyochongwa katika jiwe, basi “sheria ya kale” ni bora.

Wafasiri wa Biblia ya 1952 walikwisha kupita njia hiyo: kwa maneno ya Kiyunani yenye shina moja, Simoni wa Samaria amepewa “uchawi”, na wageni wa Bethlehemu wakaitwa “mamajusi”.