Kiwaya cha inchi mbili

Chenyewe hakifiki urefu wa kidole. Ni chekundu, kimechunwa ncha zote mbili, kimepinda kama pini ya nywele. Nilikiona ndani ya kisanduku cha kudhibiti pampu ya sola kusini mwa Kitui, siku niliyokwenda kuuliza bei ya maji, habari ambayo sijaiandika hadi leo.

Fundi alikuwa ameitwa kwa sababu maji yalitoka kwa kukohoa. Akafungua kifuniko, akaguna. "Huyu ndiye muuaji."

Karakana yake iko Wote, Makueni, lakini mara nyingi utamkuta barabarani, pikipiki imebeba testa na koili ya waya. Aliomba nisimtaje. Anayeweka viwaya hivi, alisema, huwa ni fundi mwenzake.

Chini kisimani, juu kidogo ya pampu, huning'inizwa sensa: kiboya ndani ya kikopo cha plastiki. Maji yakikifunika, kiboya huinuka na saketi ya nyaya mbili hufunga. Yakishuka, huanguka, saketi hukatika, kidhibiti huzima pampu. Stima inayopita humo ni kidogo mno. "Ile ya paneli inaua, ndugu yangu. Hii hata haikutekenyi."

Tatizo ni kwamba waya ukikatika, kidhibiti husikia neno lilelile: maji hakuna. Kuchakuro akiutafuna, jembe likiupitia, ni kisima kikavu. Na sehemu nyingi za Kitui maji yana chumvi, nayo chumvi haina subira na shaba.

Ndiyo maana fundi hamalizi kusimulia habari za viungo vya waya. Hukata waya mmoja mrefu kuliko mwenzake ili viungo visilale bega kwa bega, huvivisha mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto, kisha huvitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kwenda kunywa chai. Akirudi ndipo anapima. "Tepu ya dukani ni ya juu ya ardhi. Kisimani ni nguo ya karatasi."

"Sasa wewe ni mwenyekiti wa kamati," akaendelea. "Taa inasema kisima kimekauka. Akina mama wamepanga mitungi tangu saa kumi na moja alfajiri. Mtu anakuambia, nipe dakika mbili. Utakataa?"

Dakika hizo ni za jampa: kiwaya huunganisha tundu mbili za sensa palepale kisandukuni, na tangu hapo pampu huamini maji yapo, yawepo yasiwepo.

Akatoa mfukoni kipande cha mpira, masalia ya pampu nyingine. Ndani ya mpira kama huo huzunguka chuma kilichosokotwa, na maji yenyewe ndiyo huupoza na kuulainisha. Huu ulisuguliwa mkavu. Nilipoubonyeza ulimeguka kama ukoko wa ugali, na vidole vyangu vilinuka moshi wa tairi hadi jioni.

Kaunti hii ya Kitui si ngeni kwa mambo ya sensa. Mwaka 2013, Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa vya kutuma ujumbe wa simu ndani ya mishikio ya pampu za mkono, na muda wa kusubiri matengenezo ukashuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya 3. Lakini pampu ya mkono ikiharibika hunyamaza tu. Hii ya jampa inadanganya ikiwa inafanya kazi.

Fundi akaing'oa ile jampa. Taa ikawaka. Akapima nyaya za sensa: saketi imekatika. Kwa hivyo ni waya, au ni maji? Kujua kwa hakika kulidai mabomba yavutwe juu, kazi ya watu wengi na siku nzima. Akauliza mara ya mwisho kina cha maji kilipimwa lini. Wanakamati wakatazamana.

"Mwanangu," mweka hazina akasema, "leo tunachota ama hatuchoti?"

Kiwaya kilikuwa bado kati ya kidole gumba na cha shahada. Fundi akageuka kutazama foleni ya mitungi.