Hakimiliki mtandaoni: mashine inasikia, haisomi

Mwaka jana, mimi na wenzangu wawili tulirekodi katika soko moja la Butembo igizo la dakika nne lililojengwa juu ya vitendawili vya Kinande. Nyuma ya sauti zetu, kwa sekunde kama ishirini, ulisikika wimbo wa rumba kutoka duka la jirani. Tulichangishana pesa za mega, tukapandisha video. Kabla ya jioni ilikuwa bubu: vitendawili vilizimwa pamoja na rumba.

Kwa nini? Majukwaa makubwa hayasubiri mtu alalamike. Mfano unaojulikana zaidi ni Content ID, mfumo ambao YouTube iliuanzisha mwaka 2007. Mwenye haki huweka nakala ya kazi yake katika hazina ya mfumo, na kila video mpya hulinganishwa nayo. Zikifanana, yeye huchagua: kuizuia video, kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia tu watazamaji.

Hapo ndipo somo letu linapoingia. Mashine hupima kufanana, haipimi kusudi. Mkataba wa Berne, ambao Kongo ni mwanachama wake, unaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, kwa kiasi kinachostahili na kwa kutaja chanzo. Kutenganisha nukuu, mzaha na wizi kunahitaji msomaji.

Hata hivyo, watunzi wana haki ya kulindwa. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mwanamuziki wa Beni sawa na yule wa Kinshasa. Ila Content ID hupewa hasa wenye hazina kubwa za kazi. Msanii mdogo wa Beni aliyeibiwa wimbo hujaza fomu mwenyewe, video moja baada ya nyingine.

Anayedaiwa anaweza kupinga. Kwa Content ID, mdai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linaanguka. Kinachotakiwa ni maelezo mafupi: nimetumia nini, kiasi gani, kwa sababu gani. Kuandika hivyo ndiko tunakofundishwa hapa kila wiki.

Sisi hatukupinga, fomu ilitutisha. Tulirekodi upya chumbani, madirisha yamefungwa. Vitendawili vinasikika vizuri, lakini soko la Butembo halimo tena.