Goti Bovu na Kitalu cha Seli

Kila Jumapili baada ya Misa tunawaona wazee wetu wakishika benchi ili wapate kuinuka. Magoti yanauma. Mzee mmoja aliambiwa kuna sindano ya “seli” iponyayo goti lo lote, akataka kuuza ng'ombe ili aipate. Basi, ndugu wasomaji, tujue ukweli kabla ya kufungua zizi.

Ukila kuku, tazama ncha ya mfupa wa paja. Utaona kitu cheupe chenye kuteleza. Hilo ndilo gegedu. Nasi tunalo, ndiyo sababu mifupa yetu haisagani. Mfupa ukivunjika huunga, maana una damu. Gegedu halina mishipa ya damu. Likitoboka, haliponi vema lenyewe.

Mwaka 1987, huko Göteborg nchini Uswidi, madaktari walianza njia mpya. Walikata kipande kidogo cha gegedu zima katika goti la mgonjwa mwenyewe, wakatenga seli zake, yaani chembe hai ndogo mno zinazojenga mwili. Wakazikuza katika maabara majuma mawili au matatu, kama mkulima anavyootesha miche ya kahawa kitaluni. Kisha wakashona juu ya shimo kiraka cha utando uliotolewa juu ya mfupa wa muundi, wakazitia seli chini yake.

Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walitangaza habari za wagonjwa 23. Kati ya 16 walioumia ncha ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali njema baada ya miaka miwili. Kati ya 7 walioumia pia ya goti, ni 2 tu.

Angalieni: hao walikuwa wa miaka 14 hadi 48, wenye shimo mahali fulani. Goti la mzee lililosagika lote ni kama shamba lililochukuliwa na maji, miche haishiki. Huyo asaidiwe kwa mazoezi, kupunguza uzito na dawa za daktari, au pengine kuwekewa goti la bandia.

Na Kanisa lasemaje? Waraka wa Roma wa mwaka 2008, Dignitas Personae, wafundisha kwamba kutumia seli za mtu mzima, kwa ridhaa yake na bila kumdhuru sana, ni halali. Kumwua kiumbe mchanga ili kupata seli ni haramu kabisa.

Mzee wetu alikwenda kwanza hospitali. Leo anatembea kwa fimbo, na maziwa ya ng'ombe wake anayanywa.