Husuni ya Sintra na Mlango Uliofunguliwa kwa Ndani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu yatuhimiza katika sura zaidi ya moja tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Siku hizi hakuna mtaa wa mwambao wetu usiokuwa na kijana aliyeko Ulaya kwa masomo au kwa kazi. Kwa vijana hao, na kwa wazazi waliobaki nyumbani, naandika juu ya matembezi ya nusu siku yenye mazingatio ya umri mzima: kupanda jabali la Sintra, nchini Ureno.

Sintra ni mji mdogo magharibi ya Lisbon, safari ya treni ya kiasi cha dakika 40. Juu ya mji huo, karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari, pana husuni kongwe iliyojengwa na Waislamu wa Andalusi takriban katika karne ya 8 au ya 9. Wareno huiita Castelo dos Mouros, yaani ngome ya Waislamu wa Maghribi. Magari hufika karibu na lango, lakini mwenye miguu mizima na apande kwa miguu. Njia huanzia mji mkongwe, ikapinda na kupinda ndani ya msitu wa mialoni na makangaga, kati ya majabali makubwa yaliyovikwa ukoga wa kijani. Bahari ya Atlantiki iko karibu, na ukungu wake hupanda ghafla hata mtu asimwone mwenziwe aliyemtangulia hatua kumi. Avae viatu visivyoteleza na achukue nguo ya kumkinga na upepo. Wakati wa sala ukimkuta njiani, rukhsa ya msafiri anaijua.

Akiingia langoni atakuta, kabla ya kuta za ndani, mashimo yaliyochongwa kwenye mwamba. Humo wenyeji walihifadhi nafaka zao. Mbele yake pana birika kubwa la kukusanya maji ya mvua. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba hapa hawakukaa askari peke yao; palikaa watu na nyumba zao, na mama aliyepima nafaka ya kumfikisha mwezi. Kisha kuna vidato vya mawe vinavyopanda juu ya kuta, kutoka buruji hadi buruji. Anga likiwa safi, huonekana bahari upande mmoja na mji chini ya miguu.

Atakayezitazama kuta hizo atajiuliza: adui alizipandaje? Jawabu ni kuwa hakuzipanda. Husuni ya Sintra haikuvunjwa kwa vita. Mwaka 1147 mfalme wa Ureno, Afonso Henriques, akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba waliotoka Uingereza, Flanders na Ujerumani, aliuzingira mji wa Lisbon kwa miezi kadhaa hata ukaanguka. Waliokuwa Sintra waliposikia, walijisalimisha wenyewe. Nafaka walikuwa nayo na maji walikuwa nayo. Walichokosa ni ndugu wa kuja kuwaokoa.

Na ndugu hao walikuwa wamekwisha kutengana zamani. Baada ya ukhalifa wa Cordoba kuvunjika mwaka 1031, Andalusi iligawanyika ikawa vijidola vingi, kila mmoja na amiri wake, na kila amiri akimwogopa jirani yake Mwislamu kuliko alivyomwogopa mfalme wa Kikristo. Mmoja wao, al-Mutawakkil wa Badajoz, aliwahofu Murabitina waliotoka Maghribi. Basi mwaka 1093 akampa mfalme Alfonso wa Sita wa León na Castilla miji mitatu, Santarém, Lisbon na Sintra, ili apate ulinzi wake. Ulinzi haukumfaa kitu. Murabitina waliiteka Badajoz, na al-Mutawakkil akauawa pamoja na wanawe wawili. Sintra ilirudi mikononi mwa Waislamu kwa muda, lakini njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Mara ya kwanza mlango wa husuni hii ulifunguliwa kwa ndani, na aliyekuwa na funguo ndiye aliyeufungua.

Sasa tazama chini, ndugu msomaji. Katikati ya mji wa Sintra huonekana kasri yenye dohani mbili nyeupe, ndefu mithili ya pia zilizopinduliwa. Kasri hiyo ilipanuliwa na mfalme Manuel wa Kwanza, na Manuel ndiye aliyemtuma Vasco da Gama. Kwa hiyo hadithi ya jabali hili si ya wageni tu. Mwaka 1498 da Gama alifika Mombasa, na hapakuwa na kuaminiana kati yake na wenyeji. Akaendelea hadi Malindi, akapokewa kwa heshima na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Sababu mojawapo ya makaribisho hayo ni kuwa Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, majeshi ya Manuel yaliichoma Mombasa moto.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Malindi alipona? Wareno walipoijenga Ngome Yesu kuanzia mwaka 1593, ukoo wa Malindi uliletwa kutawala Mombasa chini ya ulinzi wao. Haukupita muda mrefu Sultani Hasan bin Ahmad akahitilafiana nao, na mwaka 1614 akauawa kwa njama zao. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa na kulelewa mbali na dini ya baba yake. Aliporudishwa kutawala aliasi, mwaka 1631, akaiteka ngome. Lakini mwaka uliofuata alilazimika kuihama, na Wareno wakarudi. Badajoz na Malindi zina bahari na karne nne kati yao, na hesabu yao ni moja.

Wahenga hao hao walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kikapu ukavune. Twaipenda methali hii kwa sababu yatufundisha kutoingilia ugomvi wa ndugu. Lakini wako wasioshika jembe. Husubiri ugomvi ukomae, kisha huja na pesa. Ni nyumba ngapi za mababu katika miji yetu mikongwe zimekwenda kwa watu wa mbali kwa sababu warithi hawasemezani? Ni viwanja vingapi vimeuzwa kwa bei ya kutupa ili ndugu mmoja tu asipate fungu lake? Sheria ya mirathi tunayo, imepimwa na Mola mwenyewe. Hiyo ndiyo nafaka yetu na birika letu. Hofu yangu ni wenye funguo.

Wakati wa kushuka, karibu na kanisa dogo la kale lililo ndani ya ngome, msafiri atapita penye kaburi moja. Katika karne ya 19, mfalme Ferdinand wa Pili alipokuwa akiyatengeneza magofu hayo, mifupa ya watu ilifukuliwa, na haikujulikana ipi ni ya Mwislamu na ipi ni ya Mkristo. Akaamuru izikwe pamoja. Juu ya jiwe pakachongwa hilali na msalaba, na maneno yenye maana kwamba kilichochanganywa na binadamu, Mungu pekee ndiye awezaye kukitenganisha.

Huo ndio mwisho wa mlinzi na wa mshambuliaji. Basi enyi wazazi, kabla ya kumlipia kijana nauli ya kwenda kutazama kuta za watu, mketisheni pamoja na ami zake na shangazi zake. Fungu la kila mtu litajwe na liandikwe, wenyewe wakiwa hai na wakisikia. Na aliyenuniana na nduguye kwa ajili ya nyumba ya marehemu baba yao, asingoje Ijumaa nyingine. Akabishe hodi leo.

Wabillahi tawfiq.