Meli Iliyokuja kwa Makasha

Mtu akisimama ufukoni pa Baraka na kutazama ng'ambo ya rasi ya Ubwari, upande wa kusini-mashariki, ajue kwamba huko mbali ndiko iliko bandari ya Kigoma. Wazee wetu wa Fizi wanalijua jina la meli Liemba. Lakini vijana wengi wa shule hawajui kwamba meli hiyo ilizama mara mbili, ikatolewa majini, na mitambo yake ikaonekana ingali mizima. Leo twataka kuwasimulia habari zake, kwa kuwa zina mafundisho.

Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer. Wadachi, waliotawala ng'ambo ya ziwa, walitaka meli kubwa kuliko zote za Tanganyika. Lakini chombo chenye urefu wa mita 71 kingepitaje nchi kavu? Basi mafundi waliunga vipande vyake kwa bolti ili kuhakikisha kwamba vyote vyapatana, kisha wakavifungua na kuvipakia katika makasha 5,000. Makasha hayo yalivuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapandishwa bara kwa reli mpya, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Hapo fundi Anton Rüter na wenzake wawili, pamoja na wafanya kazi wengi ambao majina yao hayatajwi sana, waliiunga upya, kipande kwa kipande. Ilishushwa majini mwezi wa Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana wao wa zamani.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuwaka. Waingereza walileta ziwani mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. Mwezi wa Desemba 1915 waliiteka Kingani ya Wadachi, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Baadaye ndege za Wabelgiji zilitupa mabomu juu ya Kigoma, na askari wao wakakaribia kwa nchi kavu. Wadachi waliona kwamba hawana budi kukimbia. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha meli yao wenyewe, karibu na mlango wa mto Malagarasi, isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Lakini angalieni jambo moja. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yote grisi nene, wakitumaini kurudi siku moja. Hawakurudi kamwe.

Vita vilipokwisha, Wabelgiji waliiinua meli, wakaivuta mpaka Kigoma. Mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Mwezi wa Machi 1924 Waingereza waliitoa majini, nao wakastaajabu: injini na boila zilifaa bado kwa kazi, kwa sababu grisi ilikuwa imezikinga na kutu. Mwaka 1927 meli ilianza safari tena kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hili. Mitambo ile ile ya mvuke iliendelea kuiendesha hadi miaka ya 1970, ilipowekwa injini za dizeli.

Tena haikuishia katika kubeba abiria na samaki. Vita vilipozuka kwetu Kivu ya Kusini mwaka 1996, jamaa nyingi za Fizi na Uvira zilivuka ziwa kwa hofu, watoto mgongoni. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliitumia Liemba kuwarudisha watu kutoka Kigoma mpaka Uvira, nao walikuwa zaidi ya 75,000. Hivyo meli iliyoingia ziwani kwa ajili ya vita ikawa njia ya watu kurudi makwao.

Ninyi wanafunzi, na ninyi wazazi mnaowafundisha watoto kazi, yafikirini hayo. Fundi anayeshindwa vitani, akijua kwamba kesho chombo chake kitakuwa chini ya maji, angeweza kusema: Ya nini kujisumbua? Yeye hakusema hivyo. Alifanya kazi yake kwa uangalifu mpaka saa ya mwisho, na faida yake ikawafikia watu asiowajua, wengine wao wakiwa ndugu zetu wenyewe. Akiba haiozi, walisema wahenga. Na kazi njema ni akiba.