Orodha Kunjuzi na Majina ya Mitaa: Nafasi ya Kiswahili katika Fomu za Kompyuta

Miongoni mwa vipengele vya programu za kompyuta ambavyo hutumiwa sana lakini havijachunguzwa vya kutosha na wanaisimu ni orodha kunjuzi, yaani kile kisanduku chembamba ambacho kikibofywa hukunjuka na kuonyesha machaguo yaliyofichika. Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kisanduku hicho kinavyoweza kurekebishwa ili kiafikiane na Kiswahili, kwa kurejelea mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kuwa Kiswahili kinamudu istilahi za kompyuta. Hata hivyo, kutafsiri istilahi ni hatua ya kwanza tu. Namna orodha inavyofanya kazi nayo ina lugha yake.

Chukulia programu ya kuandikisha wasomaji wa maktaba iliyoko Makadara. Fomu yake inamtaka msomaji achague mtaa, na mwandishi wa programu ameorodhesha Mtaa wa Bahati, Mtaa wa Kaloleni, Mtaa wa Makongeni, na kadhalika. Kwa kawaida, herufi inapobonyezwa kwenye kibodi, orodha huruka hadi chaguo la kwanza linaloanza kwa herufi hiyo. Hapa K haimfikishi mtu Kaloleni, kwa kuwa kila chaguo linaanza kwa M. Tatizo hilo hujitokeza pia katika orodha ya kazi: mkulima, mshonaji, msusi, mwalimu. Nomino nyingi za ngeli ya A-WA zina kiambishi kimoja cha mwanzo, hivyo herufi ya kwanza haitofautishi.

Wanaleksikografia walikumbana na suala hili zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka nomino nyingi chini ya mizizi ya vitenzi zilikotoka, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziorodhesha kwa umbo lake kamili. Mwandishi wa programu hana budi kufanya uamuzi kama huo.

Katika Windows Forms, marekebisho yanawezekana kwa njia kadhaa. Kwanza, kinachoonyeshwa hutenganishwa na kinachohifadhiwa: DisplayMember hubeba jina, ValueMember hubeba msimbo. Kwa hivyo neno "Mtaa" linaweza kuondolewa kwenye orodha na kuwekwa mara moja tu kando ya kisanduku, bila kuathiri kumbukumbu. Pili, DropDownWidth hupanua orodha inapokunjuka ili majina marefu yasikatwe. Tatu, mtindo wa DropDown humruhusu mtumiaji kuandika, tofauti na DropDownList unaomfunga kwenye machaguo yaliyopo. Nne, DrawMode ikibadilishwa, mwandishi wa programu huchora kila chaguo mwenyewe, pengine kwa kukoleza sehemu ya jina inayotofautisha.

Ukamilishaji wa maneno uliomo humo hulinganisha mwanzo wa jina pekee. Anayeandika "Maringo" hatapata Ofafa Maringo. Kufuta "Ofafa" si suluhisho, kwani jina hilo ni kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Linalofaa ni kuandika msimbo unaotafuta popote ndani ya jina, na unaotambua pia kwamba "Buru" ya wakazi ndiyo Buruburu ya fomu.

Suala zito zaidi ni la wasiokuwemo. Mkazi wa Kiambiu asipoona mtaa wake katika orodha iliyofungwa, huenda akachagua Eastleigh iliyo jirani. Baadaye kumbukumbu zitaonyesha kuwa Kiambiu haina msomaji hata mmoja, na anayepanga kupeleka vitabu atazitegemea. Kompyuta haitakuwa imekosea hesabu. Itakuwa imenyimwa jina. Ndiyo maana chaguo la "Mtaa mwingine", pamoja na nafasi ya kuuandika, ni la lazima.

Kwa kuhitimisha, kupanga orodha ni kazi ya kiisimu kama ilivyo ya kiufundi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezijua ngeli na historia ya majina anastahili kuketi na mwandishi wa programu kabla fomu haijakamilika, wala si kuitwa baadaye kusahihisha tahajia.